Sangala bila mbavu

Kama leo ulinunua sangala ku soko ya Baraka, usiipike. Soma kwanza.

Mi najisifuaka kujua samaki. Sangala na mukeke, nabitofautisha na mbali, bila kushika.

Asubui mama moja wa kitambaa ya njano alikuwa anauzisha vipande vyeupe mu beseni. Bila kichwa, bila ngozi.

"Sangala ya Ubwari," akasema.

Nikaamini. Nikanunua kipande, nusu nikapelekea jirani yangu Mama Riziki, mwenye alizaa juzi.

Nusu yangu, mama mukwe akaishika. Akapitisha kidole ndani, polepole.

"Mbavu ziko wapi?"

Nikacheka. Kweli, nilicheka.

"Sangala iko na mbavu nene. Na nani anatupaka kichwa ya sangala, yenye baba mukwe wako anangojaka? Huyu ni ule samaki anajijazaka upepo mpaka anakuwa kama mupira. Banatoa kichwa na ngozi ili usimujue. Iko na sumu."

Nilikimbia bila viatu.

Kwa Mama Riziki, sufuria ilikuwa tupu.

"Aksanti, dada, ilikuwa tamu," akasema. Akajigusa mdomo. "Ila midomo yangu, siisikie."

Niko naye hospitali sasa. Munganga anamwangalia tu.

Tukiwa njiani juu ya pikipiki, tulipita soko. Yule mama hayuko. Beseni yake iko pale pale, tupu.

Asubui nilipoiacha, ilikuwa imejaa.

Mwenye alinunua, andika hapa. Hata neno moja tu.