Sanduku la Pili la Casimiro

Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Jumuiya nzima tumepiga magoti sebuleni kwangu, mishumaa inawaka, Bi Obdulia anafungua milango ya sanduku ili tuione sanamu ya Bikira Maria, na ndani kuna wanaume wawili vifua wazi wanapigana mateke, muziki juu kabisa. Bi Obdulia alifanya ishara ya msalaba mpaka mkono ukachoka.

Aliyelitengeneza sanduku hilo ni Casimiro, seremala wa mtaa wetu hapa mjini Orizaba, mtu mpole asiyejua kuharakisha jambo. Utotoni alishinda kwenye mashine za gemu pale wanapouza tortilla, chapati zetu za mahindi, na mama yake ndiye aliyekuwa akimtoa, ndala mkononi. Mwenzake ni Herlinda. Wameishi pamoja tangu ujana bila ndoa ya kanisani, maana mke wa kwanza wa Casimiro alikwenda Marekani akapotelea huko, hajafa wala hajarudi.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa dhambi ya Herlinda. Sanamu ya Bikira huhama nyumba hadi nyumba mtaani, wiki nzima kila nyumba, na kwake haikuwahi kufika. Kila mwaka aliomba. Kila mwaka Bi Obdulia, mwenyekiti wetu, alimjibu kwa sauti tamu kwamba Bikira haingii nyumba ya namna ile, naye Herlinda akainamisha kichwa na kurudi kwake. Hakuna kitu alichokitamani duniani kama hiyo wiki moja.

Mchwa ndio waliomsaidia. Walilitafuna sanduku la zamani la Bikira, Casimiro akajitolea kuchonga jipya la mwerezi, lenye milango miwili, bure, mradi Bikira aje kwao. Bi Obdulia alikubali huku uso umekunjamana kama aliyemeza dawa chungu.

Mbao zikabaki. Casimiro, kwa uvivu wa kupima upya, akachonga sanduku jingine kwa vipimo vilevile, hili la gemu zake. Alinionyesha kompyuta ya kuziendesha: kibao kimoja tu, kidogo kama pakiti ya sigara, vyuma vyake viko nje. Nikamwambia ameibiwa, hicho ni kipande cha redio. Akacheka. Alikichomekea kadi ya memori yenye gemu zote za utoto wake, akakiunganisha na skrini iliyotupwa na ofisi fulani, akang'oa kijiti cha kuchezea na vitufe kwenye mashine mbovu ya pale kwenye tortilla, akalehemu waya mmoja baada ya mwingine, miwani imemshukia puani. Umeme wetu hukatika ovyo, kwa hiyo akaweka na betri. Tena akafunga swichi kwenye mlango wa sanduku: ukifungua tu, mashine inawaka yenyewe kama taa ya friji. Herlinda, kwa kuwa alikuwa na kitambaa cheupe kilichobaki baada ya kushona cha kufunika sanduku la Bikira, akalishonea na hili vazi kama hilo la kuzuia vumbi.

Wiki ya Bikira kukaa kwao ikafika, ikaisha. Desturi yetu ni kwamba siku ya kumhamisha Bikira tunaingia wote ndani, tunafungua milango, tunasali rozari na mwenye nyumba, ndipo tunambeba. Herlinda alikuwa amefagia hadi uchochoroni na kuazima viti, na atole, uji wetu wa mahindi, ilikuwa ikichemka jikoni. Bi Obdulia akasimama nje ya kizingiti.

“Sisi hatuingii,” akasema. “Tutoleeni hapahapa.”

Casimiro, aibu imemjaa, akarudi ndani, akabeba sanduku la kwanza aliloliona chini ya kitambaa cheupe, akatukabidhi. Tukaondoka tukiimba hadi kwangu, na yaliyotokea hapo nimeshayasema.

Tulirudi kwa Herlinda mbio, sanduku mikononi, Bi Obdulia akitangulia na kuapa kwamba mwanamke yule hataiona tena jumuiya maisha yake yote. Casimiro alikuwa mlangoni, rangi imemtoka. Alisema kosa ni lake, Herlinda hakujua chochote. Bi Obdulia hakumtazama hata kidogo.

“Mleteni Bikira wetu hapa nje,” akasema. “Halafu tumemalizana.”

Herlinda akatoka jikoni akifuta mikono. Mimi nilishaanza kumwonea huruma, maana nilijua atainamisha kichwa kama kawaida. Hakuinamisha.

“Simtoi, mama,” akasema polepole. “Miaka yote mnaniambia Bikira hawezi kukaa kwangu. Leo mmekuja kumtoa wenyewe, na nyimbo juu, mkabeba gemu. Yeye amebaki. Mngeingia mkafungua milango, kama mnavyofanya kwa kila mtu, mngemwona. Anayemtaka, aingie.”

Nilipigwa na butwaa. Kumbe mwanamke huyu ana sauti! Nyuma ya Herlinda Bikira alionekana mezani, milango wazi, maua mapya miguuni.

Mimi niliingia. Mwingine akanifuata, kisha wote. Wa mwisho alikuwa Bi Obdulia, na kiti hakikubaki, akapiga magoti sakafuni karibu na mlango. Kwetu anayeanzisha rozari ni mwenye nyumba. Kwa hiyo sote, Bi Obdulia naye, tukamngoja Herlinda aanze.