Choroko ya Msafiri

Kila asubuhi, kabla hajaenda kubeba magunia ya pumba kiwandani Nyakato, Luhaga alivaa shati la kola, akafunga vifungo vyote mpaka kooni, akapitia benchi la kahawa la Mama Shamsa. Kwingine kote alikuwa mbeba mizigo tu. Msimamizi wake, mtoto wa juzi, alimwita "kijana", na Luhaga ana wajukuu watatu. Benchini alikuwa Mteuzi wa Kigongo.

Wanywaji kahawa wale walijitungia himaya yao. Ilianza kwa utani, ikazoeleka. Wateuzi walikuwa saba, kila mmoja na mahali pake na punje yake ya kupigia kura. Luhaga alipewa Kigongo kwa kuwa aliwahi kuuza karanga kivukoni huko, kabla daraja halijajengwa. Punje yake ilikuwa dengu. Mwenye Buzuruga alikuwa rafiki yake Msafiri, fundi redio. Yake ilikuwa choroko. Mara moja kwa mwaka walimchagua Kaisari, na mwaka mzima kila mtu wa benchi, hata mwenye mvi, alimwamkia shikamoo.

Luhaga aliitaka shikamoo hiyo. Hakumwambia mtu, ila ilionekana machoni.

Safari hii waligombea wawili, yeye na mzee Iqbal, fundi cherehani. Desturi ilimtaka mgombea ampe mwenzake kura yake. Aliyesafiri aliruhusiwa kumwachia mtu punje amtilie. Na siku ya kura Msafiri alikuwa msibani Sengerema.

Wote walipokwisha kutia punje zao kwenye vikombe viwili vya wagombea, Luhaga akatia dengu kwenye kikombe cha Iqbal, watu wakaona. Kisha akatoa choroko mfukoni.

"Hii ya Msafiri. Kaniachia jana."

Akaidumbukiza kwenye kikombe chake mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hapo ndipo aibu ilipoanza kumchoma, walivyomwamini tu.

Mama Shamsa anataka kumimina punje azihesabu, bodaboda ikafunga breki.

"Ngoja kwanza, Mama Shamsa!" Ni Msafiri, vumbi mpaka kwenye kope. "Nimewaacha watu wanakula kule. Nikasema, Luhaga aikose kura yangu hivi hivi?" Akafungua kiganja. Choroko.

"Buzuruga imezaa mapacha!" mmoja akacheka. Akaona anacheka peke yake, akarudia kahawa yake.

"Si ulimwachia Luhaga punje?" Mama Shamsa aliuliza.

"Mimi? Kwani tumeonana?" Msafiri akamgeukia rafiki yake, bado anatabasamu. "Eti, Luhaga?"

Luhaga aliangalia vikombe. Shingo ilimwaka ndani ya kola.

Mama Shamsa akamimina. Akaiweka kando choroko ya kwanza, akatia ya Msafiri, akahesabu. Iqbal tatu. Luhaga nne.

"Angeshinda tu," alisema, kama vile Luhaga hayupo.

Mzee Iqbal akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Kaisari."

Haikuwa kejeli. Ingekuwa kejeli, Luhaga angejua la kujibu.

"Itikia basi, ndugu yangu," Msafiri alimwambia polepole.

Luhaga akainuka. Akapita katikati yao akisema samahani, samahani, akashika njia ya ukuta wa kiwanda. Walidhani anakwenda kujisaidia, na Mama Shamsa akaifunika kahawa yake isipoe. Walingoja mpaka king'ora cha kazi kikalia. Hakurudi siku ile, wala baada yake.