Siku Tatu kwa Muhogo Muchungu

Mama yangu huloweka mihogo huko Baraka, yeye na bamama wenzake wa ushirika. Wanaitia katika mapipa, ikilainika wanaianika, kisha wanatwanga unga. Muhogo mutamu siku tatu zinautosha. Ule muchungu unaotoka Lubondja unadai tano, la sivyo sumu inabaki ndani. Kwa hiyo mwenye shamba akileta gunia haondoki kabla ya kusema, "Huu wangu iko muchungu, muuachie siku tano." Gunia na maneno yake hufika pamoja. Niliiona desturi hiyo tangu utotoni na sikuiheshimu hata kidogo.

Nilikuwa nimejifunza kuandika programu, kichwa kimenivimba. Nikawatengenezea moja ya kutuma ujumbe kwenye simu ya mama siku ya kutoa kila pipa. Hesabu ya siku niliiweka katika fonksio, kipande cha programu cha kufanya kazi moja, iliyosimama peke yake, nje ya mapipa yote. Haijui pipa lolote. Kila unapoiita lazima uikabidhi aina ya muhogo; usipoikabidhi, inachukulia ni mutamu. Ndivyo nilivyoiandika, uvivu mtupu. Na pale pa kutuma ujumbe nilisahau kuikabidhi.

Ujumbe wa pipa la Lubondja ukaja siku ya tatu: "Toa leo." Mama akatoa.

Kwetu, unga wa kwanza huonjwa na aliyeloweka, kabla haujauzwa wala kupewa mtoto. Mama alipika bugali kidogo, akala. Saa chache baadaye alikuwa anatapika, kizunguzungu kimemshika, hawezi kusimama. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Niliogopa, jamani. Niliogopa sana.

Alipona. Unga uliobaki bamama waliumwaga. Nilipofungua programu kosa nililiona mara moja, wala halikuwa limejificha. Nikaivunja ile fonksio. Sasa ndani ya programu kila pipa ni obje, kitu kinachotunza habari zake chenyewe, limebeba aina yake ndani, na hesabu ya siku ni metodi yake, kazi inayofanywa na pipa hilo hilo: naliuliza pipa lenyewe, nalo linajibu kwa kile lilichobeba. Kusahau aina hakuwezekani tena, maana pipa haliandikishwi bila aina. Yaani masomo yote yale, kumbe nimerudi kwa mwenye shamba na gunia lake.

Nilimweleza mama hayo yote akiwa bado kitandani. Alinisikiliza kwa subira, kama anavyomsikiliza mgeni. Nikamwuliza, mikono yake imeshika mihogo maisha yote, siku ile haikuhisi kitu?

"Ilihisi," akasema. "Nilibonyeza, muhogo ulikuwa ungali mugumu."

"Sasa ulitoa juu ya nini, mama?"

"Simu ilisema nitoe. Na mule ndani ya simu ni weye uliandika, mutoto wangu."