Mfasiri Anayewatafutia Cheo Wanawake Wenye Upanga

Saa mbili kasoro asubuhi, mfasiri amesimama uani, amevaa gauni la kulalia na kandambili, anaita kwa sauti ya vita. "Bibi, panga safu!" Anatulia, anatikisa kichwa. Anajaribu tena: "Bibi Kamanda, adui kavuka mto!" Jirani anayeanika nguo ng'ambo ya ukuta haulizi kitu. Ameshazoea.

Kila cheo anachotaka kukiweka kitabuni hukipigia kelele kwanza, maana askari lazima aitike katikati ya mapigano. Kisha hurudi mezani, huandika mistari miwili, huifuta, huinuka tena. Siku nzima niliyokaa naye sikumwona akinywa chai ikiwa bado ya moto.

Leo ana haki ya kuhangaika. Kufikia jioni anatakiwa ampe mhariri wake jibu kuhusu cheo cha askari wa kike katika riwaya anayoifasiri, na jibu likiwa baya kitabu atapewa mfasiri mwingine.

Mtaani wanamwita Bi Mahaba, kwa kuwa kazi yake ni kufasiri riwaya za mapenzi zenye falme za kubuni, mazimwi, na wanawake waliokula kiapo cha upanga wakapanda farasi kumlinda malkia wao. Hulipwa kwa ukurasa. Ukurasa wa mabusu, anasema, huumaliza huku akichambua mchele. Ukurasa wenye cheo kimoja tu humla siku mbili.

Taabu ya sasa aliitafuta mwenyewe. Katika lugha ya asili ya mfululizo anaoufasiri, askari wa kiume wana cheo chao na wa kike wana chao, na vyote vina uzito uleule. Katika kitabu cha kwanza wanaume aliwaita Amiri. Wanawake akawaita Binti. Alilipenda neno hilo, aliona lina utamu wa mapenzi, na wasomaji wakalipokea kwa mikono miwili. Kitabu kikaisha madukani.

Sasa kimekuja cha pili, na shujaa yuleyule ni mwanamke wa makamo mwenye kovu shavuni, anaongoza jeshi zima. Na bado ni Binti.

"Wanaume wenye ndevu zao wanasimama wima, wanamwambia, 'Ndiyo, Binti,'" anasema mfasiri, akicheka bila raha. "Nikisoma naona kama wanataka kumtuma dukani."

Hata hivyo, anakiri, angevumilia, kama si dada yake mkubwa. Huyo ni fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake iko mbele ya nyumba hiyohiyo. Dada alikianza kitabu cha kwanza kwa fahari, akawasomea hadi wateja. Halafu akakiachia katikati, kikabaki kwenye rafu kati ya makopo ya rangi. Mfasiri alidhani ni wingi wa kazi. Hakuuliza.

Wiki iliyopita alikuwa karakanani akipumzisha macho, mara akaingia mteja mwenye geti lililokatika bawaba. Dada alikuwa amemaliza kuchomelea dirisha wakati huohuo, glavu mkononi, miwani ya giza imepandishwa juu ya paji la uso. Mteja akamtazama toka juu hadi chini, akauliza, "Binti, fundi yuko wapi?"

Dada alimhudumia kwa adabu zote. Mteja alipoondoka, akamgeukia mdogo wake.

"Hilo neno nalisikia hapa kila siku," alimwambia. "Sikutaka kulikuta na kwenye kitabu chako."

Mfasiri anasema aliona aibu mpaka akakosa pa kuiweka mikono. Siku hiyohiyo akamwandikia mhariri kwamba sasa wote watakuwa Amiri, wanawake kwa wanaume. Mhariri akampigia simu. Akamkumbusha kwamba mwandishi ameweka vyeo viwili, si kimoja, kwamba wasomaji wameshampenda Binti, na kwamba katika riwaya ya mapenzi msomaji hutaka kujua mapema nani mwanamke. Atafute cheo kingine cha kike, au Binti abaki palepale.

Ndiyo maana ya makelele ya leo. Neno Bibi amelikataa, kwa kuwa msomaji ataona ajuza juu ya farasi. Bi ni la kadi ya mwaliko. Alipoita "Mama Jemadari!" mumewe alidhani anaharakishwa, akaitika kutoka bafuni kwamba anatoka sasa hivi.

Alasiri anaketi, na safari hii hainuki. Anamtumia mhariri sura za mwanzo, na kila mwenye upanga ni Amiri.

"Kwamba ni mwanamke watajua tu," ananiambia. "Ana mpenzi, ana wivu, na sura ya tisa anajifungua. Cheo kazi yake ni kusema nani atiiwe."

Kisha ujasiri unamwishia. Anazunguka meza, anatazama simu, anaiweka kifudifudi, anaigeuza. Jibu halijaja. Wakimkubalia, anapanga kuomba na kitabu cha kwanza kisahihishwe kitakapochapishwa upya. Lakini haja yake kubwa ni ndogo kuliko hiyo: anataka dada yake asome tena.

Anachukua kurasa alizochapa, anampelekea karakanani. Dada anavua glavu, anasoma mistari michache akiwa amesimama, anatabasamu. Halafu anamrudishia.

"Nitasoma kikishatoka," anasema. "Nisije nikamzoea Amiri, halafu wakanirudishia Binti."