Vichupa Viwili vya Rangi Mbili

Juzi, kwenye ofisi ya vifurushi vya mabasi Makambako, binti mbele yangu alikuwa akirudisha chuoni vichupa viwili vya maabara alivyovisahau kwenye begi la likizo. Bila vichupa hivyo, utafiti wake hautasahihishwa.

Karani aliviinua. Kimoja kijani, kingine chekundu.

"Kwenye fomu umeandika kitu kimoja. Unanidanganya? Havipandi basi."

"Ni kitu kimoja, mama," binti alijibu, akiminya mkanda wa begi. "Chembe zake zikiwa ndogo sana hung'aa kijani. Zikiwa kubwa kidogo, nyekundu."

Karani akafikiri. "Kama viazi vyetu. Vidogo mbegu, vikubwa chipsi, shamba moja."

"Ndiyo, mama!"

Karani akavipokea, akaandika: "Kitu kimoja, saizi mbili."

Mimi niliyefaulu somo la chembe hizo chuoni, sijawahi kulieleza kwa maneno manne.