Daftari la Mvua la Mwalimu Asegelile

Enzi zetu pale Tukuyu, mitumba ilipoanza kumwagika sokoni, belo lilifunguliwa Jumamosi saa tatu kamili asubuhi. Saa tatu kamili ndiyo pia ilikuwa saa yangu ya kupima mvua shuleni. Ambokile, rafiki yangu wa kidato cha pili, akaniambia, "We andika kumi na mbili, twende zetu. Mvua ya Tukuyu nani asiyeijua?" Nilipaswa kukataa. Nilicheka, nikaandika milimita kumi na mbili, tukateremka mbio sokoni huku matope yakituruka hadi mgongoni.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka tulivyokwenda shule. Tulitoka Kawetele na jani la mgomba kichwani badala ya mwavuli, viazi vya moto mfukoni vya kupasha vidole kwanza na kuliwa baadaye, na masweta yanayonuka moshi wa jikoni. Darasani tulikuwa tukifuka mvuke kama sufuria.

Mwalimu Asegelile alitufundisha jiografia. Alikuwa mfupi, na koti lake la mvua lilikuwa limepasuka kwapani. Neno lake lilikuwa moja: "Unajuaje?" Ukimwambia mto fulani unatoka Mlima Rungwe, unajuaje? Ukimwambia ndizi za Lufingo ni tamu kuliko za kwenu, unajuaje, umezila zote? Niliibeba tabia hiyo hadi nyumbani, mama akachoka. "Huyo mwalimu wenu," alisema, "siku moja atakuja kukuuliza unajuaje kama mimi ndiye mama yako."

Lakini swali lile lilinifungua macho. Nilianza kuchungulia chini ya mawe, kufuata mifereji nione inaishia wapi. Siku moja nilimuuliza Mwalimu: maji tunayoyamwaga baada ya kuyapima, yatarudi kwenye kipimo kile kile? Alitabasamu. "Sijui," alisema. "Tutajuaje?" Kesho yake akanikabidhi daftari la mvua.

Daftari lile lilikuwa na historia yake. Kijijini kwake Isongole wazee walibishana kila mwaka. Mmoja alisema mvua inapungua tangu miti ikatwe, mwingine akasema ni uzee tu unaomsumbua mwenzake. Mwalimu akawaambia, "Wazee wangu, tusibishane, tupime." Akasimika kipimo nyuma ya ofisi ya walimu, mkebe wenye faneli na chupa ndani, akaandika kila asubuhi kwa miaka tisa bila kuruka hata siku ya msiba. Ulibaki mwaka mmoja. Ikitimia kumi, alisema, angekwenda kuwajibu, na mimi ningefuatana naye kulisoma daftari mbele yao.

Jumamosi ile ya kwanza nilipata shati la kola ndefu. Jumamosi iliyofuata sikuhitaji kushawishiwa. Nilitazama mawingu, nikapima kwa macho, nikaandika. Ikafika mahali nikaandika ya Jumamosi na ya Jumapili siku ya Ijumaa kabisa. Namba zangu zilikuwa nzuri, zinapanda na kushuka kama mvua yenyewe.

Jumatatu moja Mwalimu aliniita.

"Kijana, Jumamosi tulipata ngapi?"

"Kumi na nne, Mwalimu."

"Na jana?"

"Tisa."

"Unajuaje?"

Akafungua mlango wa stoo. Kipimo kilikuwa humo, kimebonyea ubavuni. Ng'ombe aliyekata kamba alikipiga teke Ijumaa jioni, mlinzi akakiokota na kukiweka ndani.

Hakuchukua fimbo. Ningeshukuru angeichukua. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Umefanya hivi mara ngapi?"

"Mara hii tu, Mwalimu."

Akanisogezea daftari na kalamu nyekundu. "Hata kama ni mara nyingi, si kitu. Weka alama kwenye siku ulizopima kweli, zilizobaki tutaziacha wazi."

Nilifungua kurasa za miezi mitatu. Mwandiko ulikuwa wangu wote, na sikuweza kutofautisha namba ya chupa na namba ya kichwa changu. Nikarudisha kalamu. Akalifunga daftari taratibu, akasema, "Basi sijui tena," akaliweka juu ya kabati. Kipimo hakikurudishwa nje.

Siku hizi mjukuu wangu huniambia, "Babu, simu inasema leo jua," naye analowa akiwa barazani. Namuuliza anajuaje, ananionyesha kioo cha simu. Namcheka, kisha namkumbuka Mwalimu, maana yeye alidanganywa na mtu aliyempenda. Juzi aliniuliza kama mvua za utoto wangu zilikuwa kubwa kuliko hizi. Wazee wa Isongole wamekwisha kufa wakibishana. Mtu aliyekaribia kulijua jibu ni mmoja tu, nami ndiye niliyemharibia.

Shati lilichanika kabla sijamaliza shule. Mwalimu aliendelea kutufundisha hadi kidato cha nne, akinisalimu vizuri, akinisahihishia kazi bila chuki. Ila katika muda wote ule, nikisema jambo darasani, aliitikia kwa kichwa na kupita. Hakuniuliza tena ninajuaje. Hicho ndicho nilicholipia shati la mtumba.