Sutien Ilipanda Mbele ya Wakwe

Admin, ficha jina langu na sura yangu, maana mtaa wetu wa Kabondo ni mdogo na watu wa kanisa langu wanasoma hapa. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, hapa Kisangani, mke wa mtu, asili yetu ni Yanonge. Ninashona nguo nyumbani. Mwaka juzi madaktari walinikata ziwa la kushoto kwa sababu ya kansa. Namshukuru Mungu ninapumua. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba nikitoka hospitali nitaanza vita nyingine, vita ya sutien, yaani sidiria.

Mwenye maziwa mawili hawezi kuelewa. Sutien ya kawaida, ukiivaa na ziwa moja, upande mmoja unavuta chini, wa pili unapanda. Mkanda unakata bega, shingo inauma mpaka kichwani. Waya wa chini unasugua kovu, na joto letu hili, jasho linachoma kama pilipili. Sokoni nilimweleza muuzaji mmoja wa nguo za balo, mitumba, kwa sauti ya chini. Akaita mwenzake: "Kuya usikie! Huyu mama anatafuta sutien ya bele moja!" Watu wakageuka. Nilipanda pikipiki nikilia.

Nyumbani nikajaza vitambaa, vinahama. Nikajaza mchele ndani ya soksi angalau uwe na uzito. Ukanywa jasho, ukaanza kunuka kama pombe. Mume wangu akaniambia, "Mama Naomie, unaficha nani? Miye nilishaona." Hakuwa ananifariji. Kutoka hapo analala salon, kule sebuleni.

Bon, kisa chenyewe ni hiki. Naomie (si jina lake), kifungua mimba wangu, alipata mchumba, mtoto wa familia ya Isangi, watu wa heshima. Walipotaka kuja kujitambulisha, Naomie akaniletea sutien nyeupe yenye sifongo ngumu kama bakuli. "Maman, vaa hii, tafazali. Mama mukwe wangu anaangaliaka batu sana." Ilinibana tangu kuifunga. Nikavumilia kwa ajili yake.

Wageni wakafika. Nilikuwa nainama kuweka lituma, ndizi za kuponda, na samaki mbele ya mama wa kijana, nikasikia kitu kinapanda. Lile bakuli la kushoto, kwa kuwa halikuwa na cha kulishika, lilikuwa limefika karibu na shingo. Nikasimama na sinia mikononi, siwezi kulishusha. Yule mama akaniangalia kifua, akaangalia uso, kisha akainamisha macho. "Pole, mama," akasema. "Ulipata nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Naomie akacheka. "Hakuna kitu, maman! Ni fundi alishona robe mubaya."

Na fundi wa ile robe, gauni nililovaa, ni mimi, admin. Nilirudi jikoni, nikavua ile sutien. Kovu lilikuwa limechubuka, linatoa damu.

Baada ya hapo nikajifungia na mashine yangu. Nikachana shuka la pamba, nikakata mikanda mipana, waya sikuweka, ndani nikashona mfuko. Nilikosea na kufumua sijui mara ngapi. Mwisho nikaweka mchanga laini katikati ya pamba ya mto, nikaufunga vizuri usimwagike. Siku nilipoivaa nilifua, nilitwanga pondu ya majani ya muhogo, nilifagia uwanja mzima, haikusogea. Haikuuma popote. Nikacheka peke yangu mbele ya kioo, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu hospitali. Nikamwita Naomie aone.

Akaigusa. "Iko muzuri, maman," akasema, lakini macho yalikuwa chini. "Shida ni kwamba balishaona. Mama mukwe aliniuliza kama ile ugonjwa inapitaka kwa batoto. Niliogopa. Nilimwambia wewe ulinilea tu. Nilisema maman mwenye alinizaa ni tantine Solange."

Solange ni mdogo wangu wa tumbo moja. Siku ya mahari, yeye ndiye atakaa kwenye kiti cha mama. Yeye ndiye atapokea vitu vya mama. Mimi nitakuwa jikoni. Nilimwangalia baba yake Naomie, alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. "Ni siku moja tu," akasema. "Alors, unataka mutoto akose ndoa juu ya mwili yako?" Kumbe walishapanga bila mimi.

Jana Solange amekuja na kitambaa nimshonee robe ya mama wa bibi harusi. "Yaya, dada yangu, miye sikuomba hii," akasema. Lakini aliinua mikono nimpime. Nilizungusha sentimeta kwenye kifua chake kilichojaa pande zote mbili, nikaandika vipimo.

Kitambaa kiko mezani, sijakikata. Nikishona, nimekubali kwamba sikumzaa mtoto niliyemnyonyesha kwa ziwa hilohilo walilolikata. Nikisema ukweli mbele ya wakwe, ndoa inaweza kuvunjika na Naomie hatanisamehe. Tena kuna jambo linaloninyima usingizi: daktari aliniambia mabinti zangu wawe wanapimwa. Akienda kwa mume kama mtoto wa Solange, ataenda kupimwa kwa sababu gani? Na akiona uvimbe, si atauficha kama alivyonificha mimi?

Wamama na wababa wa ukurasa huu, msiniambie tu nivumilie, hiyo nimeshaisikia kanisani. Mahari iko karibu. Niende kumweleza yule mama ukweli, au nishone robe nikae jikoni? Ingekuwa wewe, ungefanya nini?